Mkono Unaorudi

Mwalimu alichora mstari mchangani kwa kisigino, akatupanga nyuma yake, akasema: "Sanbon-zuki. Ngumi tatu kwa hatua moja. Ya kwanza usoni, mbili za mwisho tumboni." Halafu akaanza kuhesabu kwa Kijapani, na upepo wa kaskazi ukaichukua sauti yake hadi kwenye mashua zilizolala ubavu ufuoni mwa Malindi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa Desemba, siku ya pili ya bamvua. Maji yalikuwa yanatoka kwa kasi, yakiacha uwanja mpana wa mchanga mgumu wa rangi ya kahawia, kwani mvua za vuli zilikuwa zimenyesha bara na mto Sabaki, ambao unamwaga maji yake baharini kaskazini mwa mji, ulikuwa umeuleta udongo wake mpaka hapa. Wageni wengi huutazama mchanga huu wakasikitika, kwa sababu picha walizoonyeshwa ni za Watamu na weupe wake. Kwa karate, huu ndio mchanga. Haumezi kisigino. Na kila hatua uliyopiga inabaki pale pale ikikungoja urudi kuitazama: hapa mguu uliburutwa, hapa ulipinda, hapa uzito ulikaa vidoleni badala ya kukaa kwenye unyayo mzima.

Darasa lile halina ukumbi, kwa hiyo ratiba yake inapangwa na mwezi. Maji yanapokupwa asubuhi, wanafunzi wanakuja asubuhi. Kesho yake wanasogeza karibu saa nzima mbele, na keshokutwa vivyo hivyo, hadi zamu inaangukia jioni. Watoto wote wanaijua hesabu hiyo bila kuangalia simu. Tulikuwa kumi na wawili: wanafunzi wanane waliokuwa likizoni, watano kati yao wasichana, kijana mmoja wa bodaboda, mama muuza samaki, bawabu wa hoteli aliyetoka zamu ya usiku, na mimi.

Malindi haijapata kuiogopa lugha ya mtu. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Leo mtoto anayeuza bangili ufuoni anapatana bei kwa Kiitaliano kilichonyooka. Basi sikushangaa kusikia sauti nyembamba zikiitikia *ichi, ni, san* kana kwamba ni namba walizozaliwa nazo. Nilichoshangaa ni utulivu wao. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amesimama, goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka, na hatikisiki hata upepo ukimpulizia mchanga machoni.

Mimi nilikuwa na miezi tisa ya karate, yote ya Nairobi. Niliingia kwa mlango mbaya. Pahali pa mazoezi nilipoanzia, siku ya kwanza tu niliambiwa nipige mfuko mzito kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyenionyesha hata namna ya kukunja ngumi. Kifundo cha mkono kilivimba wiki tatu. Nikahama, nikapata mwalimu mwingine, nikajifunza upya: vidole vinakunjwa kuanzia ncha zake hadi vizame kiganjani, kidole gumba kinafunga kwa juu kama komeo, na vinavyotua ni vifundo viwili tu, cha kidole cha shahada na cha kati, vikiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono. Ngumi yangu ya kwanza ikakaa vizuri. Ya pili ikakubalika. Ya tatu ilikuwa inachelewa, dhaifu, inafika kama mtu anayeingia mkutanoni watu wakishasimama kuondoka. Nilipochukua likizo ya wiki mbili kwenda kumwona shangazi yangu Kilifi, nilipanga nipite Malindi kwanza, kwa kuwa rafiki alikuwa amenisimulia habari za darasa hili la mchangani.

Mwalimu ni fundi seremala, umri wake umepita sitini, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyepiga randa maisha yake yote. Alinitazama nikivuka mstari mara nne bila kusema neno. Mara ya tano akanisimamisha.

"Dada, unapiga kwa mkono mmoja."

"Napiga kwa yote miwili, mwalimu."

"Unapiga kwa huu." Akaugusa wa kulia. "Huu mwingine umeuacha wapi?"

Nikatazama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaning'inia hewani mbele ya tumbo, haujui kazi yake. Ulitakiwa uwe umerudi nyongani, ngumi imefungwa, kiganja juu, kiwiko kimebanwa nyuma. Wajapani wanaita kurudi huko *hikite*, mkono wa kuvuta. Nilikuwa nimelisikia neno hilo Nairobi mara mia na kulichukulia kama adabu ya kusimama, jambo la kupendeza macho.

Tukaanza upya, polepole kabisa, kama watu wanaopiga hatua majini. Mguu wa kulia unatoka nyuma, unapita karibu na wa kushoto, unafunguka tena mbele. Unapotua, ngumi ya kulia nayo inatua, usawa wa uso. Hiyo ni moja. Kisha miguu imetulia, nyonga inageuka, ya kushoto inatoka usawa wa tumbo huku ya kulia inarudi. Mbili. Kisha ya kulia tena, ya kushoto inarudi, na hapo ndipo sauti inatoka tumboni. Tatu. Mwendo wake si wa saa ya ukutani. Moja inakaa peke yake, halafu mbili na tatu zinafuatana kama vijiti viwili vya mpiga ngoma mmoja. Kiwiko kinapita kikikwaruza mbavu. Kiganja kinatazama juu njia yote, kinageuka chini mwisho kabisa, nafasi ya upana wa kiganja kabla ya kufika.

Nilifanya hivyo mpaka jua likawa la utosi na maji yakaanza kurudi. Ya tatu ilibaki dhaifu.

Wakati wa kupumzika, chini ya mivinje, wasichana wawili walimwomba mwalimu asimulie habari za yule mzee wa picha. Picha yenyewe ilikuwa imebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku lake la zana: Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Shuri, kisiwani Okinawa, mwaka 1868, na aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922. Mwalimu alikazia jambo moja, kwamba Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule. Hakuwa askari wala mtu wa mabavu. Zamani jina la mchezo huu liliandikwa kwa alama yenye maana ya mkono wa Kichina. Funakoshi na wenzake wakaibadili, matamshi yakabaki yale yale, maana ikawa mkono mtupu.

"Na sisi tunasema mkono mtupu haulambwi," akasema msichana mmoja, akikunja uso kama mtu aliyekuta hesabu mbili hazikubaliani.

Mwalimu hakumjibu siku ile.

Asubuhi iliyofuata nilipanda matatu kwenda Kilifi. Safari ni kama saa moja. Ukishaipita Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke unakaa mkono wako wa kulia kwa muda mrefu, kijani kizito hadi kando ya lami. Halafu Matsangoni, halafu Tezo, mikorosho na minazi, watoto wenye mitungi ya maji, na kituo cha Kilifi chenye wauza korosho wanaobisha kila dirisha. Shangazi anakaa ng'ambo ya kusini, upande wa Mnarani, kwa hiyo nilivuka daraja. Nilivuka kwa miguu, kama ninavyofanya kila mara, maana hori la Kilifi likitazamwa kutoka juu pale, maji ya bluu chini na bahari kuu mkono wa kushoto, ni katika vitu vizuri kuliko vyote nilivyopata kuviona nchini mwangu. Nilipokuwa mdogo tulivuka kwa feri, tukipanga foleni na malori ya mkonge. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991, na waliolijenga walikuwa Wajapani. Nimelipita miaka yote hiyo bila kulifikiria hilo. Siku ile nilisimama katikati, mkono juu ya ukingo, nikawaza kwamba watu wa kule wametuletea pwani hii zege na chuma ambavyo kila mtu anaviona, na pia namna ya kusimama na kukunja ngumi, ambayo wanaoijua ni watoto wanane na fundi seremala.

Nilimkuta shangazi uani anafua nazi. Ana miaka sabini na mmoja. Kifuo chake ni cha chuma, kimechimbiwa ardhini, ncha yake inafika juu kidogo ya magoti yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia nikae kwenye mbuzi ya kukunia nazi hadi amalize lile fungu. Nikakaa. Na kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa ngumi, kwa mara ya kwanza maishani nilimtazama anavyofanya.

Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, kisigino cha nyuma kimekanyaga chini. Anaishika nazi kwa mikono miwili, anaishusha juu ya ncha. Haishushi kwa mabega. Nyonga ndiyo inayoshuka, mikono inaifuata tu. Ncha inazama kwenye kumbi kwa sauti kavu. Kisha anaipindua na kuivuta kwake kwa mkupuo mmoja, na kumbi linapasuka. Pigo la kwanza linamchukua muda, anatafuta mahali. La pili na la tatu yanafuatana bila pumzi kati yake, na nazi inabaki uchi mkononi, na kishungi chake kidogo juu. Hesabu ile ile, moja, kisha mbili-tatu.

"Shangazi, nguvu za kuichoma unazitoa wapi?"

"Kuchoma si kazi, mwanangu. Hata mtoto achoma. Kazi ni kuitoa." Akaishika nyingine, akaizamisha, akaiacha pale juu ya kifuo, imekwama. "Njoo uitoe."

Niliivuta kwa mikono yangu yote. Haikusogea. Akaniondoa taratibu, akasimama, akaigeuza kwa kifundo cha mkono wakati huo huo anarudisha nyonga yake nyuma, na kumbi likaachia.

"Waivuta kwa mikono," akasema. "Rudi nyuma wewe, nayo itakuja."

Ndipo nikamweleza nilichokuwa nafanya Malindi. Aliniuliza swali moja: "Wataka kumpiga nani?" Nikamwambia simpigi mtu, kwamba Funakoshi mwenyewe alifundisha kuwa mtu wa karate haanzi yeye. Akatikisa kichwa kama anayeridhika, akaanza kunisimulia habari ambayo kila Mgiriama ameisikia, lakini aliisimulia kana kwamba ni ya jirani. Mwaka 1913, serikali ya Mwingereza ilipotaka vijana wetu, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alikuja mkutanoni na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia ofisa, Arthur Champion, achukue kifaranga kimoja. Ofisa akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akasema, hivyo ndivyo utakavyoona ukichukua mwana wetu. Yule ofisa akampiga kuku risasi. Na hapo, kama wazee wanavyosimulia, Mekatilili akamzaba kofi.

"Hakuanza yeye," akasema shangazi.

Walimkamata Oktoba ya mwaka ule, wakampeleka uhamishoni Kisii, mwisho mwingine wa nchi. Akarudi. Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti, na yeye hakunyamaza. Shangazi alimaliza kusimulia na fungu la nazi likawa limekwisha, makumbi yamelundikana ubavuni kwake.

Nilikaa naye siku nne. Kila alfajiri nilifua nazi zake. Siku ya kwanza nilifua tatu, viganja vikachubuka. Siku ya nne nilifua kumi na moja, na mbili kati ya hizo nilizivua makumbi kwa mapigo matatu kamili, nikamwita aje aone. Nilijifunza kitu ambacho miezi tisa ya maelezo haikunipa: mwili unajua kusukuma bila kufundishwa, lakini kurudi lazima ufundishwe. Nazi haina huruma kwa anayesahau kurudi. Inakwama, na wote uani wanaona.

Niliporudi Malindi maji yalikuwa mafu na darasa lilikuwa limehamia saa kumi jioni. Nilipita kwanza kwenye bustani ya Mekatilili, palipo na sanamu yake, nikasimama kidogo. Kisha ufuoni. Mwalimu alikuwa amekuja na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa boriti la mkandaa lililotolewa kwenye dari la nyumba iliyobomolewa, ambalo alikuwa amelichonga kwa randa likawa jembamba kwa juu ili liwe na mnepo, akalizungushia kamba ya usumba. Hiyo ndiyo *makiwara*, nguzo ya kuzoezea ngumi. Okinawa wanaizungushia kamba ya nyasi za mpunga, na hapa usumba unafanya kazi ile ile. Tulilichimbia mchangani juu ya mstari wa maji. Cha pili kilikuwa kipande cha kamba hiyo hiyo, urefu wa pima mbili.

Kamba aliizungusha nyuma ya shina la mvinje, akanipa ncha zote mbili nizifunge ndani ya ngumi, mgongo wangu ukielekea mti. "Piga," akasema. Mkono wa kulia ukitoka, kamba inavuta wa kushoto urudi. Wa kushoto ukirudi kwa nguvu, kamba inalegea upande wa pili na wa kulia unaruka mbele wenyewe. Hakuna njia ya kudanganya. Ukiuacha mmoja hewani, mwingine unakwama nusu ya safari. Nilipiga polepole, nikifikiria kifuo, nikifikiria nyonga ya shangazi inarudi nyuma. Shina la mvinje lilianza kutoa sauti ya kukwaruzwa, moja, kisha mbili-tatu, moja, kisha mbili-tatu, na watoto waliokuwa wanafunga mikanda yao wakageuka kutazama.

Nilimweleza mwalimu habari za nazi. Alisikiliza hadi mwisho, akamwita yule msichana aliyesema kwamba mkono mtupu haulambwi, akamsimamisha mbele yangu, akamwambia anyooshe mkono kama anayetaka kunikamata.

"Kamata mkono wake wa nguo," akaniambia. Nikaukamata kwa kushoto. "Sasa rudisha huo wa kushoto nyongani, na wa kulia upige, usimguse."

Nilirudisha. Msichana akaja mbele hatua nzima bila kutaka, usawa wake umevunjika, na ngumi yangu ya kulia ikasimama vidole viwili kutoka tumboni mwake. Hapo hikite ikawa si mapambo tena. Mkono ule unarudi umeshika kitu: mkono wa nguo, kifundo, ukosi, na unamleta mtu kwenye ngumi.

"Umeona?" mwalimu akamwambia msichana. "Unaorudi haurudi mtupu."

Msichana alicheka kwa furaha, akaomba zamu yake, na mimi nikawa wa kuvutwa. Ana miaka kumi na miwili. Alinivuta nikaja hatua mbili.

Tukapanga mstari. Jua lilikuwa nyuma yetu, juu ya paa za mji, vivuli vyetu vimenyooka mbele kuelekea bahari, hivyo kila mmoja aliona mikono yake yote miwili imechorwa mchangani bila kugeuza shingo. Mwalimu akahesabu. *Ichi*. Mguu ukatua na ngumi ya kwanza ikatua. Ya pili. Ya tatu ikaondoka wakati ya pili inarudi, kwa nguvu za ile iliyorudi, na sauti ikanitoka kabla sijaamua kuitoa. Mwalimu hakusema neno. Akahesabu *ni*.

Tulivuka ufuo mara ishirini jioni ile. Siku iliyofuata nilipanda basi la Nairobi nikiwa na nazi kumi na moja kwenye gunia na kamba ya usumba ya pima mbili, ambayo sasa imezungushwa kwenye nguzo ya kibaraza changu.

Darasa la Malindi linaendelea, likizo zote za shule na kila mwisho wa wiki, mchangani, chini ya mivinje. Wasichana bado ni wengi kuliko wavulana. Ukienda, usiulize saa. Uliza maji yanakupwa lini, ufike mapema kidogo, bila viatu, na kama una binti, mchukue.